Kimondo cha Mbozi na Mazingatio ya Msafiri

Ukilitaja neno "Mpemba" katika baraza yoyote ya Tanga, Mombasa au Unguja, hapana atakayekuuliza maana yake. Mpemba ni mtu wa Pemba, na kila mtaa wa pwani unaye wa kwake: mvuvi, mkulima wa karafuu, au mwenye duka la pembeni. Kwa hivyo binti yangu alipotuletea habari kuwa mumewe amejenga Mpemba na kwamba wanahamia huko, dada yangu mkubwa alianza kumwusia juu ya jahazi na mawimbi ya mkondo. Kumbe Mpemba hiyo haina bahari. Ni kata ya mji wa Tunduma, katika mkoa wa Songwe uliokatwa kutoka Mbeya mwaka 2016, kilomita chache kabla ya kuufikia mpaka wa Zambia. Hapo ndipo inapochepuka barabara ya lami ya Ileje, kiasi cha kilomita 50, inayokwenda Isongole na mpaka wa Malawi. Malori hupita usiku na mchana, na reli ya TAZARA, iliyojengwa baina ya mwaka 1970 na 1975 kwa urefu wa kilomita 1,860, hupita nchi hiyo hiyo ikielekea Kapiri Mposhi.

Mwaka 2023 nilifunga safari kwenda kumtazama binti yangu, nikifuatana na mjukuu wangu wa miaka kumi na mitatu. Mtoto huyo alikuwa amesoma shuleni kwamba mikoa ile ina milima ya moto, maziwa yaliyo juu ya vilele na jiwe la chuma lililoanguka kutoka mbinguni, naye hakunipa usingizi mpaka nikamwahidi kwamba tutayaona yote. Nami nilikuwa na haja yangu ya siri. Mfukoni, ndani ya kitambaa, nilikuwa nimechukua kipande cha chuma kilichokaa nyumbani kwetu zaidi ya miaka hamsini.

CHUMA CHA MJOMBA

Wazee watakumbuka kwamba tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na njia ya mafuta ya Zambia upande wa kusini ikazibika. Mafuta yakawa hayana budi kupita Dar es Salaam, yakipakiwa katika mapipa juu ya malori na kupelekwa kwa barabara ya vumbi na matope mpaka Tunduma na ng'ambo yake. Barabara hiyo ilikuwa na sifa mbaya hata madereva wa kigeni wakaiita njia ya Jahannamu. Malori yalipinduka, breki zilikatika milimani, na wengi hawakurudi. Ndipo mwaka 1968 bomba la mafuta lilipokamilika, na mzigo ule ukapungua.

Mjomba wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa dereva katika safari zile. Siku moja alirudi Tanga na kipande cha chuma, ukubwa wake kama kokwa la embe, cheusi, chenye kukwaruza. Alisema alikinunua kwa vijana kando ya barabara karibu na Mpemba, nao walimwapia kwamba kimemeguliwa kutoka kimondo cha Mbozi, jiwe lililoteremka kutoka juu. Alimpa mama yangu. Mama akakitia katika kasha pamoja na dhahabu zake.

Mwanzo kilikuwa kitu cha kuonyesha wageni. Baadaye mtoto mmoja wa nyumbani akashikwa na homa kali, mama akakitia chuma kile katika bakuli la maji na maji yale akamnywesha. Mtoto huyo ni mimi, na nilipona. Basi tangu siku hiyo chuma hakikukaa tena kashani. Jirani akiumwa huja kukiazima. Mwanamke akiwa na uchungu wa kuzaa hukitiwa chini ya mto. Mwenye kesi barazani hukifunga katika shuka. Maalim wetu wa chuo alipopata habari alikuja akamwuliza mama kwa upole, "Chuma hiki kina nini ambacho jembe la shambani halina?" Mama akamjibu, "Jembe limetoka dukani, maalim. Hiki kimetoka juu." Yule mzee akatikisa kichwa, akaenda zake.

Mama alifariki, na kipande kikabaki kwa dada yangu. Nilipomwambia kwamba naenda Mpemba na nataka kwenda nacho, alinipa kwa shingo upande, akaniapisha kwamba nitakirudisha.

NCHI YA MOTO ULIOZIMIKA

Sisi watu wa pwani tukitajiwa mlima wa moto, akili yetu hukimbilia Ngazija. Hapana nyumba kubwa ya pwani isiyo na jamaa, mwalimu au mkwe kutoka kisiwa kile. Habib Saleh, aliyejenga chuo cha Riyadha huko Lamu, alitoka huko, na Sayyid Ahmad bin Sumait, kadhi na mwanachuoni wa Unguja aliyefariki mwaka 1925, alizaliwa huko. Juu ya visomo na misikiti yao limesimama Karthala, lenye kimo cha mita 2,361, nalo bado li hai. Mwaka 1977 zaha, yaani uji wa mawe yaliyoyeyuka, ilishuka mpaka kijiji cha Singani na kuziangusha nyumba. Mwaka 2005 majivu yake yaliingia katika birika za maji ya mvua, na kisiwa kile hakina mito. Watu wengi wakawa hawana maji safi ya kunywa. Mgeni huenda Ngazija akaona mlima mzuri, ufuo mweusi na mweupe, akapiga picha. Mwenyeji huona mlima huo huo, akaangalia birika lake.

Milima ya moto ya nyanda za juu kusini imetulia zaidi, lakini si wafu wote. Kutoka Mpemba hurudi nyuma mpaka Mbeya, kisha ukashika njia ya Tukuyu, na hapo mabadiliko ya ardhi huyaona kwa macho. Udongo huwa mweusi na mwororo. Migomba, chai na viazi hukamata mlima tangu mguuni. Neema yote ile ni kazi ya moto, kwani majivu na mawe yaliyotemwa na milima zama hizo yameoza yakawa udongo. Rungwe umesimama kwa kimo cha karibu mita 2,960. Kusini yake uko Kiejo, na huo ndio wa mwisho kutoa zaha, yapata mwaka 1800, zama za mababu wa mababu zetu. Kwa hesabu ya milima hiyo ni jana.

Juu ya mlima wa Ngozi pana ziwa ndani ya bakuli la mlima uliobomoka wenyewe, urefu wake kiasi cha kilomita mbili na nusu, nalo halina mto unaoonekana kutoka. Magoti yangu hayakuniruhusu kupanda. Mkwe wangu alimpandisha mjukuu kupitia msitu, wakarudi jioni wamelowa, na mtoto hana maneno ila "Babu, maji ni kijani." Wenyeji husimulia mengi juu ya ziwa hilo, kwamba hubadilika rangi na kwamba Wajerumani waliacha hazina ndani yake. Mimi nilisubiri penye Mto Kiwira, kwenye Daraja la Mungu. Hapo zaha ya zamani iligeuka mwamba, na maji yakajitafutia njia chini yake, basi mwamba umebaki juu ya mto kama daraja lililojengwa. Hakuna fundi aliyelisimamisha. Vijana walikuwa wakipita juu yake wakicheka na kupigana picha, na mmoja alikuwa akichonga jina lake na la mchumba wake kwa msumari. Nilimwuliza kwa nini. Akanijibu, "Ili ijulikane nilifika, mzee." Sikumlaumu sana. Nilikuwa na mzigo wangu mfukoni.

JIWE AMBALO HALIKUSAFIRISHWA

Siku ya tatu tulikwenda kwenye kimondo. Ukitoka Mpemba kuelekea Vwawa na Mlowo huacha barabara kuu na kuingia ndani, mashamba ya kahawa huku na huku, mpaka kijiji cha Ndolezi kwenye mteremko wa kilima cha Marengi. Hapo pana jengo la maelezo kwa wageni, na mahali penyewe pako chini ya Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro. Hulipa, ukapewa mtu wa kukutembeza.

Kimondo kimelala juu ya kiguzo kifupi, rangi yake ya kahawia iliyokoza, uso wake umejaa vibonyeo kama vya vidole katika unga uliokandwa. Urefu wake ni mita tatu na kidogo, kimo chake mita moja na zaidi, na uzito wake hukadiriwa kuwa tani 12. Ni chuma. Sehemu 90 katika 100 ni chuma kitupu, zaidi ya 8 ni nikeli, na kilichobaki ni shaba na vitu vingine vidogo vidogo. Ni katika vimondo vikubwa vinavyojulikana duniani.

Wakazi wa nchi ile ni Wanyiha. Hawana masimulizi ya siku kilipoanguka, wala hapana shimo la kishindo ardhini, na kwa dalili hizo wataalamu husema kwamba kilianguka zama za mbali sana, mvua na udongo vikafuta alama zake. Mwaka 1930 mpima ardhi mmoja kutoka Johannesburg, W. H. Nott, alikiona na kukitangaza kwa wenye elimu wa Kizungu. Wakati huo sehemu ya juu tu ndiyo iliyokuwa wazi. Ili kionekane chote, udongo wa kilima ulichimbwa pembeni mwake pande zote, ukaachwa mgongo wa udongo chini yake, kisha mgongo huo ukatiwa saruji. Ndiyo maana leo kimesimama kama kitu kilichowekwa mezani. Mtaalamu wa miamba wa serikali ya wakati huo alitaka kukata kipande kidogo kwa ajili ya uchunguzi, akatumia saa nyingi kwa msumeno wa chuma kupata kipande cha kushika mkononi. Alama ya msumeno ipo mpaka leo. Mwaka 1967 serikali yetu ilikiweka chini ya hifadhi ya sheria.

Hapa ndugu msomaji nakuomba tusimame kidogo. Wanyiha hawakuwa watu wasiojua chuma. Wao na jirani zao Wafipa walikuwa mabingwa wa kuyeyusha mawe ya chuma katika matanuri marefu ya udongo, wakifua majembe, mashoka na mikuki. Kazi hiyo ilikuwa ya taabu kubwa: kuchimba mawe, kukata kuni na kuchoma makaa, kulijenga tanuri, kulinda moto usiku na mchana. Nchi ya watu hao ilikuwa na tani 12 za chuma ambacho hakihitaji kuyeyushwa, kimelala kilimani, na kimetufikia. Ama ni kwa sababu kilizikwa na udongo, ama ni kwa sababu kilikuwa kigumu, ama ni kwa sababu wazee walikiachia heshima yake. Lililo yakini ni kwamba kipo.

Na kukaa kwake pale si jambo dogo. Mwaka 1897 Robert Peary, msafiri wa Marekani, alikichukua kimondo cha chuma cha tani 31 kutoka Greenland, ambacho vizazi kwa vizazi wenyeji walikuwa wakimegua vipande vyake kufanyia visu na ncha za mikuki. Alikipakia merikebuni, na leo kiko katika jumba la makumbusho la New York. Kimondo cha Hoba kule Namibia, kilicho kikubwa kuliko vyote duniani, kilinusurika kwa uzito wake wa kiasi cha tani 60, lakini wageni walikimegua sana hata serikali ikalazimika mwaka 1955 kukitangaza kuwa ukumbusho unaolindwa. Cha Mbozi hakikupelekwa. Aliye na hamu nacho hana budi kukiendea, na kukiona pamoja na kilima chake, kahawa yake na watu wake.

Wala tusijidanganye kwamba watu wa pwani ni wageni wa jana katika nchi zile. Babu zetu walifika kabla ya Nott na kabla ya reli. Misafara iliingia ikitafuta pembe na, inasikitisha kusema, watu. Merere wa Wasangu alifanya biashara na wafanyabiashara wa pwani, na kule Karonga, upande wa Nyasa, Mlozi mwenye asili ya pwani alijenga ngome yake, akapigana na Waingereza tangu mwaka 1887 mpaka aliponyongwa mwaka 1895. Walipita katika milima hii yenye ajabu zote nilizozitaja, na walilolihesabu ni mizigo. Mjukuu wa watu hao akienda leo kutazama, afaa akumbuke kwamba katika nchi ile jina la pwani halikuwahi daima kutajwa kwa wema.

CHUMA KATIKA VITABU VYETU

Katika lugha yetu neno kimondo hubeba mambo mawili. Moja ni ile nyota inayokatiza usiku, nasi tangu utotoni tumeambiwa kwamba ni shetani anayepigwa alipokwenda kusikiliza habari za mbinguni. Asili ya maneno hayo iko katika Qurani, pale palipotajwa vimondo vya moto vinavyowafuata mashetani. La pili ni jiwe au chuma kinachofika ardhini. Mtu mwepesi wa kusema huyachanganya haya mawili, akaliogopa donge la chuma kama kwamba limetoka vitani.

Tena ipo sura nzima, ya 57, iliyoitwa kwa jina la chuma, Al-Hadid, na humo Mwenyezi Mungu ametaja kwamba ndiye aliyekiteremsha, ndani yake mna nguvu kali na manufaa kwa watu. Siku hizi wapo wanaoishika aya hiyo na kusema kwamba imekwisha kuthibitishwa na vimondo. Wapo wafasiri walioielewa kuteremshwa kwa maana ya kuumbwa na kuneemeshwa, kwani katika sura ya Az-Zumar wanyama wa kufugwa nao wametajwa kwa neno la kuteremshwa, na hapana aliyesema kwamba ng'ombe walianguka kutoka mawinguni. Wapo pia waliolichukua neno kwa dhahiri yake. Muumini hana haja ya kimondo ili aamini, wala hana haja ya kukikataa. Ila aya haikuishia kwenye kuteremka. Imetaja nguvu na manufaa, na hayo hupatikana katika jembe, sindano na shoka, sawasawa kama katika chuma kilichoanguka. Maalim wetu alilijua hilo siku ile alipomwuliza mama habari ya jembe.

Wanavyuoni na wafalme wa Kiislamu waliviona vitu hivi zamani, nao waliviandika kwa utulivu. Ibn Sina, katika kitabu chake cha Shifaa, ameeleza donge la chuma lililoanguka nchi ya Juzjan. Watu wakataka kufua upanga kutokana nalo, likawapa taabu kubwa. Mfalme Jahangir wa India ameandika katika kumbukumbu zake kwamba mwaka 1621 chuma cha moto kilianguka karibu na Jalandhar. Akaamuru kichimbuliwe, kikapimwa, fundi akakifua. Peke yake kilivunjika chini ya nyundo. Ndipo fundi alipochanganya sehemu tatu za chuma kile na sehemu moja ya chuma cha kawaida, akapata panga nzuri. Tazama jinsi mambo yalivyokwenda: kilianguka, kikapimwa, kikajaribiwa, kikachanganywa na ndugu yake wa ardhini, kikatumika. Hapana aliyekitia majini akamnywesha mgonjwa.

Na kwa habari ya mawe, yatutosha yaliyopokewa kutoka kwa Sayyidna Umar. Aliposimama mbele ya Jiwe Jeusi la Al-Kaaba alitangaza kwa sauti kwamba anajua kuwa hilo ni jiwe, halidhuru wala halinufaishi, na lau si kumwona Mtume (S.A.W.) akilibusu asingelibusu. Ikiwa hivyo ndivyo alivyosema juu ya jiwe tukufu kuliko mawe yote, itakuwaje habari ya kipande kilichonunuliwa kando ya barabara?

HUKUMU YA KIPANDE

Aliyetutembeza alikuwa kijana mwenyeji, mpole, aliyeniamkia shikamoo kila alipotaka kuanza maneno mapya. Nilingoja wageni wengine watangulie, kisha nikafungua kitambaa. Nilimwambia ukweli wote: mjomba, vijana wa barabarani, mama, maji, wazazi. Nilimwambia kwamba ikiwa ni cha kimondo basi nimekuja kukiweka mikononi mwao, na dada yangu nitajua cha kumweleza.

Alikichukua, akakipima kiganjani, akakigeuza penye jua. Akamwita mjukuu wangu, akampa. "Ni kizito?" akamwuliza. Mtoto akasema si kizito sana. "Unaona vitundu hivi?" Mtoto akasema anaviona. Kijana akanitazama kwa haya. "Mzee," akasema, "usinielewe vibaya. Kimondo kingekuwa kizito zaidi kwa ukubwa huu, na ndani hakina vitundu vya mapovu. Hiki naona ni mavi ya chuma."

Ndugu msomaji, huenda hukuzaliwa karibu na wahunzi. Mavi ya chuma ni taka inayobaki tanurini baada ya chuma chenyewe kutoka: mawe, majivu na kutu vilivyoyeyuka vikagandamana. Katika nchi ile ya wafua chuma huenda taka hiyo ikaonekana shambani baada ya mvua. Vijana wa wakati wa mjomba waliokota, wakaapa, wakauza. Na sisi kwa zaidi ya miaka hamsini tuliiweka chini ya mito ya wazazi.

Mjukuu wangu alicheka mpaka akaketi chini. Mimi nilicheka pia, lakini ndani nilikuwa na huzuni, kwa kuwa nilimkumbuka mama. Kisha kijana akasema neno ambalo sikulitarajia. Alisema nisikitupe. "Watu wanakuja kukiona kimondo tu," akasema. "Kimondo hakuna aliyekifanya. Hiki kimefanywa na babu zetu kwa mikono yao. Tanuri lake labda halipo tena."

Nikarudi nacho mfukoni, na njia nzima mpaka Mpemba nikawa nafikiri. Tulikitukuza kipande hiki kwa uongo, na ukweli ulipodhihiri nilikuwa tayari kukirusha kwenye majani. Mara zote mbili sikukijua. Kumbe ndani yake mlikuwa na habari ya watu waliokata kuni, waliochimba mawe, waliolinda moto usiku kucha ili mwenzao apate jembe. Hiyo ni habari ya kweli, nayo haihitaji kuzidishwa.

Nilipofika nyumbani nilimrudishia dada yangu amana yake na kumweleza mbele ya wanawake wa mtaa, kwani lililojengwa mbele yao halifai kubomolewa chemba. Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Basi wewe ulipona kwa nini?" Nikamwambia, "Dada, Aliyeniponya ni yule yule ambaye mama alikuwa akimwomba usiku ule huku amelishika bakuli." Akakitazama tena kile kipande. Akasema wamepotea wengi, na mama hakuwa na ubaya. Nikamwambia ni kweli, hakuwa na ubaya, na tumwombee maghufira. Siku hizi kipo katika chuo cha madrasa ya mtaa wetu, na mjukuu wangu ndiye anayewaeleza wenziwe kilivyofanywa.

ADABU YA MWENYE KUTEMBEA

Watu wetu wengi wameanza kutembea katika nchi yao wenyewe, na hilo ni jema. Qurani imehimiza mara nyingi watu wasafiri katika ardhi na watazame. Lakini kutazama kuliko katika amri hiyo kuna adabu yake. Katika mwaka wa 9 wa Hijra, Mtume (S.A.W.) akiwa njiani kwenda Tabuk, alipita na jeshi lake penye magofu ya Thamud, majumba yaliyochongwa katika majabali. Aliwakataza masahaba wasiingie mahali pale ila kwa unyenyekevu na kilio. Waliokuwa wamekwisha kuteka maji waliamriwa wayamwage, na unga waliokanda kwa maji yale wakawalisha ngamia. Jeshi lilikuwa na kiu na njaa, na safari ilikuwa ya joto kali. Hata hivyo mahali penye historia palipewa haki yake.

Basi mimi sisemi kila mlima tuulie. Nasema tuulize kabla ya kushika. Mwenye kwenda Ngozi amuulize mwenyeji mlima ule umemlisha nini. Mwenye kupita Daraja la Mungu aliache jina lake nyumbani, kwani anayepaswa kujua kwamba alifika ni yeye mwenyewe na Mola wake. Mwenye kukiona kimondo asiombe kipande, wala asinunue kwa anayemwapia, kwa kuwa akipewa cha kweli ameshiriki wizi, na akipewa cha uongo ameshiriki ujinga, na vyote viwili huingia nyumbani vikalala chini ya mito ya watoto. Na mzazi mwenye uwezo wa kumsafirisha mtoto asimsafirishe kwa ajili ya picha tu. Amfundishe kabla ya safari, amsikilize baada yake.

Binti yangu ameniandikia kwamba mvua zimeanza Mpemba, na kwamba shambani kwao mkwe wangu amelima akaokota donge jeusi lenye vitundu. Ananiuliza alifanyeje. Nimemjibu aangalie palipo na mengine karibu, kwani huenda palikuwa na tanuri, na aulize wazee wa pale kabla ya kuligusa tena jembe lake.

Mwenyezi Mungu atujaalie macho ya kuzingatia, na awasamehe wazazi wetu na sisi. Amin.